Bumbuwazi: neno la mtu aliyekosa la kusema

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili. Katika insha yake kuhusu moto uliozuka nyumba ya jirani aliandika hivi: "Nilipigwa na bumbuwazi nikapiga mayowe na kukimbia kuwaita watu." Mwalimu akalipigia mstari neno bumbuwazi na kuandika pembeni: "Matumizi si sahihi." Mimi neno hili nimelisikia tangu utotoni na siku zote nimelichukua kuwa ni mshangao. Kosa lake ni lipi? Bumbuwazi lina tofauti gani na butwaa na kuduwaa? Na liandikwe bumbuwazi au bumbuazi?

JIBU: Mama, mwalimu ana haki, ingawa angemsaidia zaidi mtoto kwa kumwandikia mstari mmoja wa maelezo. Binti yako anajua kwamba bumbuwazi ni neno la mshtuko, na moto ni jambo la kushtusha. Hapo hakukosea. Alichosahau ni kwamba mtu aliyepigwa na bumbuwazi hawezi kupiga mayowe, wala hawezi kukimbia. Akiweza moja kati ya hayo, basi bumbuwazi limekwisha kumtoka, au halikumpata tangu mwanzo.

Hapo ndipo neno hili linapoachana na mshangao. Mtu anaweza kushangaa huku anaongea, anacheka, anauliza maswali na kumkumbatia mgeni asiyemtarajia. Tunashangaa hata mambo madogo: bei ya nyanya imepanda tangu juzi, mtoto wa shangazi amerefuka kuliko baba yake. Mshangao una sauti. Kiswahili kimeupa vihisishi tele: lo, ala, kumbe, salaale, lahaula. Bumbuwazi halina kihisishi hata kimoja, na haliwezi kuwa nacho, kwa sababu ni jina la hali ya kukosa la kusema. Jambo limemzidi mtu, akili imesita, ulimi umekuwa mzito, mwili umebaki pale pale ulipokuwa. Anayesema "Lo!" ameshangaa tu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba bumbuwazi halitaji hisia. Halisemi kama mtu amefurahi, ameogopa, ameona aibu au amehuzunika. Linasema amekwama. Anaweza kukwama kwa habari ya msiba, kwa fedheha mbele za watu, kwa kituko, na hata kwa heri kubwa asiyoitarajia. Mwanafunzi aliyetangaziwa kuwa wa kwanza huku akijua alifanya vibaya anaweza kupigwa na bumbuwazi vizuri kabisa. Akianza kurukaruka, hiyo sasa ni furaha. Kwa hiyo tusimkataze mtoto kulitumia neno hili kwenye mambo ya heri, kama walimu wengine wanavyofanya. Tumtake tu aonyeshe kwamba mhusika wake amekwama.

Nitatoa mfano ambao wapenzi wa mpira wote wanaukumbuka, kwa sababu unaonyesha ngazi zote hizi mfululizo. Tarehe 8 Julai 2014, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil wanacheza na Ujerumani nyumbani kwao, katika uwanja wa Mineirão mjini Belo Horizonte. Dakika ya 11 Müller wa Ujerumani anafunga. Bao moja la mapema hushtua, lakini muda bado upo na matumaini yapo. Kisha Klose anafunga dakika ya 23, Kroos dakika ya 24 na ya 26, Khedira dakika ya 29. Mabao manne katika muda wa kama dakika sita, na ubao unasoma tano bila. Ukisema Wabrazili walishangaa, utakuwa umepunguza. Ukisema walihuzunika, utakuwa umewahi, maana machozi hudai kwanza mtu aamini kilichotokea. Katika dakika zile chache kamera zilionyesha watu wameshika vichwa, vinywa wazi, macho yakitazama uwanja kama hawauoni. Hilo ndilo bumbuwazi. Vilio vilifuata. Na Schürrle alipofunga bao la saba dakika ya 79, baadhi ya Wabrazili hao hao walimpigia makofi. Mtu anayempigia makofi mpinzani wake amekwisha zinduka, tena amekubali yaliyomfika.

Ukitaka kipimo cha kumpa binti yako, mwambie aangalie kitenzi kinachofuata. Bumbuwazi katika Kiswahili fasaha huandamana na ukanusho wa -si-: "Alipigwa na bumbuwazi asijue la kusema." "Tulishikwa na bumbuwazi tusiweze hata kunyanyua mguu." "Nilipigwa na bumbuwazi nisijue nicheke au nilie." Umbo hilo, asijue, tusiweze, nisijue, limekaa mahali pake kabisa, kwa sababu linaeleza tendo lililoshindikana. Ukiona bumbuwazi limefuatwa na -ka- ya tendo la nguvu, akakimbia, akapiga, akarusha, simama uichunguze sentensi. Mara nyingi kuna hatua imerukwa katikati. Kwa upande wake -ka- haina ubaya pale inapoleta kitenzi cha kukwama: akabaki kinywa wazi, akasimama pale pale, akashindwa kujibu.

Na ile "la kusema", "la kufanya" nayo ina siri yake ndogo. Hiyo "la" inarejea kwenye neno au jambo ambalo halikutajwa: asijue neno la kusema, asijue jambo la kufanya. Vijana wengi siku hizi huandika "asijue cha kufanya", wakiwa na kitu akilini. Sioni kosa kubwa, lakini sikio langu bado linapenda "la", hasa kwenye kusema.

Binti yako basi alikuwa na njia mbili. Kama alitaka kubaki na bumbuwazi, angetenganisha nyakati mbili: "Nilipigwa na bumbuwazi nisijue la kufanya. Nilipozinduka nilipiga mayowe na kukimbia kuwaita watu." Zinduka ni mwenzi mwaminifu wa bumbuwazi, ni kitenzi cha mtu aliyerudiwa na fahamu zake. Kama alitaka mayowe na mbio vianze papo hapo, neno lake lilikuwa kiwewe: "Nilishikwa na kiwewe nikapiga mayowe na kukimbia kuwaita watu." Kiwewe nacho ni kuchanganyikiwa kwa hofu au mshtuko, ila mtu wa kiwewe hatulii. Anakwenda huku na huku, anashika hiki anaacha kile, pengine anaokoa mto na kuacha godoro. Taharuki iko upande huo huo, na asili yake inaeleza kwa nini: inatokana na mzizi wa Kiarabu wa kusogea, ndio huo uliotupa harakati. Palipo na taharuki watu wanatoka majumbani, wanaulizana, wanakimbizana. Bumbuwazi na taharuki vyote ni kuchanganyikiwa, lakini moja linaganda na nyingine inachemka.

Sasa tuje kwenye butwaa. Hili na bumbuwazi yamekaribiana sana, na aliyekwambia yana mpaka ulionyooka kama wa shamba amekudanganya. Pigwa na butwaa, pigwa na bumbuwazi: sehemu nyingi utabadilishana na msomaji asikuulize. Kinachotofautiana ni mkazo. Butwaa inabeba zaidi ule ughafla, pigo lenyewe. Ndiyo maana magazeti, hasa ya Kenya, yanaipenda kwenye vichwa vya habari, wakazi wapigwa na butwaa kwa hili au lile, na habari ikiendelea unakuta wakazi hao wanaeleza vizuri sana walichokiona. Butwaa inavumilia hilo. Bumbuwazi linabeba zaidi kule kufungwa kwa akili na ulimi, na linaweza kudumu. Mjane anaweza kukaa na bumbuwazi mpaka siku ya tatu ya msiba, anaulizwa anaitikia kwa kichwa tu. Sijapata kusikia mtu akikaa siku tatu na butwaa.

Kuduwaa ni kitenzi, na kinatazama nje. Unamwona mtu amesimama, macho yametulia mahali pamoja, unasema ameduwaa. Kilichomo kichwani mwake hukijui. Pengine amepigwa na bumbuwazi kweli, pengine anatazama meli inavyoingia bandarini na uzuri wake umemteka, pengine anawaza deni. Kutunduwaa ni jirani yake, na kunasisitiza kusimama au kukaa pale pale. Kuzubaa ni tofauti kwa sababu kuna lawama ndani yake. "Umezubaa nini, gari linaondoka!" Mtu huambiwa "usizubae" na anategemewa kutii, kwa kuwa kuzubaa ni kulegea kwake mwenyewe. Hakuna awezaye kumwamuru mwenzake asipigwe na bumbuwazi.

Angalia pia jinsi vitenzi hivi vinavyofanana mwishoni: shangaa, duwaa, tunduwaa, zubaa, pumbaa. Vyote ni vitenzi vya hali, na vyote vinastarehe zaidi na -me-: ameduwaa, wamezubaa, alibaki ametunduwaa. Ukiandika "alikuwa anaduwaa" umeifanya hali kuwa shughuli, na sentensi inachechemea. Wanafunzi wanaofikiri kwanza kwa lugha nyingine huteleza sana hapa. Na ukitaka kumtaja anayesababisha, -aa inageuka -aza: shangaza, duwaza, pumbaza.

Yapo mengine mawili ambayo ningependa binti yako ayajue kwa sababu yanasahaulika. La kwanza ni kutekewa. "Alitekewa asijue la kufanya." Hiki ni kitenzi kizuri mno cha kukwama kwa akili, na kinamfaa mwandishi aliyekwisha tumia bumbuwazi ukurasa uliotangulia na hataki kulirudia. La pili ni kihoro, ambacho ni huzuni nzito ya kupotelewa. Watu huchanganya kihoro na bumbuwazi kwa sababu vyote viwili hukutana msibani. Bumbuwazi huja wakati habari haijaingia akilini. Kihoro huja ikishaingia.

Kuhusu kutahayari nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa ni neno lililohama. Katika Kiarabu, lilikotoka, ni kuchanganyikiwa na kukosa uelekeo, yaani karibu sana na bumbuwazi lenyewe. Lilipofika kwetu pwani likaelekea kwenye aibu, na leo mtu aliyetahayari ni aliyeona haya mbele za watu. Nadhani lilivutwa na neno haya, ambalo linasikika ndani yake ingawa mzizi wake ni mwingine. Ukikutana na tahayari katika tenzi za zamani, usiharakishe kusoma aibu. Isome sentensi nzima kwanza.

Sasa kuhusu kitenzi kinachotangulia. Bumbuwazi hupiga na bumbuwazi hushika. Kiswahili kinalihesabu pamoja na mambo yanayomjia mtu kutoka nje yake bila hiari: kupigwa na baridi, kupigwa na radi, kushikwa na homa, kushikwa na usingizi. Kiunganishi "na" hapo kinamtaja mtenda, na mtenda ni bumbuwazi. Mtaani, hasa Tanzania, utasikia "nilipigwa bumbuwazi" bila "na", kwa mfano wa kupigwa kofi au kupigwa chenga. Kofi halijipigi, lazima awepo mwenye mkono. Hivyo anayeacha "na" amelifanya bumbuwazi kuwa chombo, na msomaji anabaki kumtafuta aliyekishika. Katika mazungumzo sina ugomvi nalo. Katika insha ya mtihani ningemshauri asiiache "na".

Kuingiwa na bumbuwazi kunasemwa, lakini kuingiwa kunafaa zaidi mambo yanayopenya polepole, kama hofu, shaka na wasiwasi. Kumtia mtu bumbuwazi ni sawa: "Maneno yale yalimtia bumbuwazi." Ila hatuoni bumbuwazi kama tunavyoona haya au wivu. Mtu anapoona haya anajua anaona haya. Aliyepigwa na bumbuwazi hana nafasi ya kujitazama. Kwa sababu hiyo hiyo napenda zaidi neno hili likitumiwa kumhusu mwingine, au na msimulizi anayekumbuka, kuliko likitiwa katika kinywa cha mhusika anayesema papo hapo, "Nimepigwa na bumbuwazi!" Ukimsikia mtu anatamka hivyo, ujue ameshapona.

Ruhusa yako, mama, niliseme na hili, maana linaniuma. Binti yako hakulipata neno hili kwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamekaririshwa orodha za "misamiati ya kupamba insha", na Kenya jambo hili lilishika kasi zaidi kwa sababu ya insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto anaingia chumba cha mtihani akiwa na fungu lake: nilipigwa na butwaa, nikaduwaa, nikashikwa na bumbuwazi, nikasimama tuli kama maji ya mtungini. Anayaandika yote manne kwa jambo moja, mstari mmoja, halafu sentensi inayofuata anatimua mbio. Hakuna aliyemwambia kwamba kila neno kati ya hayo lina kazi yake, na kwamba moja likifanya kazi mengine matatu yanakuwa mzigo. Mtoto ambaye angeandika tu "nilisimama, ndoo mkononi, maji yakinimwagikia miguuni" angekuwa ametuonyesha bumbuwazi bila kulitaja. Huyo mimi ningempa alama zote.

Vijana wanaosema "nikaganda" au "nikabaki mdomo wazi" wako sahihi kuliko wanavyodhaniwa. Kuganda kunaeleza hali ile ile kwa neno la kila siku, na katika mazungumzo ya wahusika kunaaminika kuliko bumbuwazi. "Kuishiwa pozi" ni jambo jingine. Huko mtu amepoteza madaha yake, lakini akili bado anayo.

Imebaki tahajia. Utalikuta neno hili kwa namna zote mbili, bumbuazi na bumbuwazi, katika makamusi na vitabu vinavyoheshimika, kwa hiyo hakuna mwalimu mwenye haki ya kumkata alama mtoto kwa w. Sababu ya mvutano ni matamshi. Midomo ikitoka kwenye u kwenda kwenye a, w ndogo hujitokeza yenyewe. Kiswahili sanifu kimeamua kutoiandika katika vitenzi kama chukua, nunua na pasua, ingawa baadhi ya waandishi wa Zanzibar huandika chukuwa na nunuwa. Katika maneno machache, duwaa likiwa mojawapo, w imezoeleka sana katika maandishi. Mimi huandika bumbuwazi ili lifanane na ndugu zake duwaa na tunduwaa. Muhimu ni kuchagua moja na kutolibadilisha njiani. Yasiyokubalika ni bumbwazi, bubuwazi na mbumbuwazi, ambayo nayaona mara kwa mara kwenye karatasi za wanafunzi.

Upatanisho wake wa kisarufi nao una njia mbili. Wapo wanaosema "bumbuwazi ilimshika", kwa ngeli ya I-ZI, na wapo wanaosema "bumbuwazi lilimshika", kama nilivyofanya hapa, kwa mazoea ya sikio langu. Kwenye mtihani afuate kitabu kinachotumika shuleni kwao. Wingi asiuhangaikie: watu mia wakipigwa na bumbuwazi kwa pamoja, bumbuwazi linabaki moja.